Mikanda mitano ndani ya msimu mmoja

Ukifungua kabati langu la vifaa utakuta mikanda mitano ya injini imening'inia kwenye msumari. Kila mmoja nimeubandika plasta yenye idadi ya saa ulizofanya kazi. Wa kwanza hauna namba, maana ulikatika kabla sijaanza kuhesabu. Wa pili umeandikwa 38. Wa tatu 26, wa nne 9, wa tano 22. Mke wangu ameshaniambia mara kadhaa niitupe. Sitaki, kwa sababu ile mikanda ina maelezo ambayo ningeyasoma mapema ningejiepusha na hasara ya pampu moja, alteneta (mashine ya kuzalisha umeme wa kuchaji betri) kufunguliwa mara tatu, na usiku mmoja ambao bado ukinijia usingizini naamka.

Chombo chetu ni mashua ya tanga yenye injini ya dizeli ya silinda tatu, nguvu ya farasi 30 hivi. Mbele ya injini kuna mkanda mmoja tu wa V, yaani wenye mbavu za mshazari kama herufi V, upana wake milimita 10. Unazunguka puli tatu, magurudumu yenye mfereji wa kushika mkanda: ya krenki, mhimili mkuu wa injini, chini, ya pampu inayozungusha maji ya kupozea juu, na ya alteneta pembeni. Mwenye injini ya aina hii anajua maana yake. Mkanda ukikatika hukosi chaji peke yake. Maji ya ndani yanaacha kuzunguka, na injini inaanza kuchemka ndani ya dakika chache.

Injini ilipokuja ilikuwa na alteneta ya ampea 50. Nikaona haitoshi, nikaweka ya ampea 110. Fundi aliyeifunga alitumia breketi ileile ya zamani, yaani kishikizo cha chuma, akaongeza washa mbili, vile vipete bapa vya chuma, ili mguu wa alteneta ukae sawa. Kwa miaka miwili mambo yalikwenda vizuri kabisa. Halafu nikabadilisha betri, nikatoa zile za asidi na kuweka za lithiamu. Nakuomba ukumbuke mpangilio huo, kwa sababu mimi niliusahau. Alteneta kubwa kwanza, kisha miaka miwili ya amani, kisha betri.

Mkanda wa kwanza ulikatika mchana kweupe tukiwa kwenye maji tulivu. Kengele ya joto ililia, nikazima injini, tukatweka tanga, nikashuka kubadilisha. Nilijisifu hata. Mkanda ulikuwa wa zamani, nikajiambia umri umefika, nikafunga mpya na kusahau.

Wa pili uliondoka baada ya saa 38, na safari hii tulikuwa tunaingia kwenye mlango mwembamba wa bahari, giza, upepo umekufa, maji yanatoka kwa nguvu. Harufu ilitangulia. Mpira unaoungua una harufu yake, haifanani na ya dizeli wala ya nyaya. Kabla sijamaliza kufikiri nikasikia mlio kama kofi, kisha kengele. Tulitupa nanga pale pale katikati ya njia ya vyombo vingine. Nilibadilisha mkanda nimejilaza juu ya injini ya moto, tochi mdomoni, mikono inatetemeka. Spana ya namba 13 iliniponyoka ikaingia kwenye ngama, chini kabisa ya chombo. Nikatafuta nyingine, sina. Nikatumia koleo. Tangu siku ile mkanda wa akiba, spana mbili za saizi ya bolti zake na glavu vinakaa kwenye mfuko mmoja ubavuni mwa injini, na hakuna anayeruhusiwa kuazima chochote humo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililonigharimu zaidi. Niliamua kwamba mkanda ulikuwa umelegea. Sikupima, niliamua tu. Nikachukua nondo, nikaiegemeza kwenye bloku ya injini, nikaivuta alteneta hadi mkanda ukawa unalia kama uzi wa gambusi ukiupiga kidole. Kipimo cha kawaida ni kubonyeza kwa kidole gumba katikati ya upande mrefu, na mkanda ubonyee milimita 10 hivi. Wangu ulibonyea labda milimita 3. Nilifurahi. Kwa wiki mbili vumbi jeusi lilipungua kweli.

Halafu nikaona matone ya maji ya kijani chini ya pampu. Chini ya pampu ya namna hii kuna tundu dogo ambalo watu wengi hawajawahi kuliona. Limewekwa makusudi, ili sili, kile kizuizi cha maji, ikianza kuvuja maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi zinazoshika mhimili. Tone moja hapo ni barua. Niliifuta kwa kitambaa. Baada ya wiki nyingine pampu ikaanza kunguruma, na nilipoishika puli yake injini ikiwa imezimwa ilicheza huku na huku kama jino bovu. Beringi imekwisha. Mkanda ukibanwa kupita kiasi huvuta beringi za pampu na za alteneta upande mmoja muda wote, na beringi hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Pampu mpya ilinigharimu zaidi ya mikanda yote mitano kwa pamoja. Na mkanda wenyewe, ule wa tatu, ulikatika vilevile, saa 26.

Wa nne naona aibu kuusimulia. Nilikuwa na haraka, kundi la wageni limekaa sitahani linasubiri, nami nimewaambia ni kazi ya dakika tano. Mkanda ukagoma kupanda kwenye puli. Badala ya kulegeza bolti zote za alteneta, nikaupandisha kwa bisibisi, huku nazungusha krenki kwa spana. Ulipanda. Lakini ndani ya mkanda wa V kuna nyuzi, na hizo nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Ukizikaza kwa bisibisi namna ile unakata baadhi yake, na kwa nje huoni kitu. Juu ya hayo nikapuliza dawa ya kopo ya kuzuia mkanda usiteleze. Dawa ile inanatanata, ikashika vumbi, vumbi likawa msasa. Saa 9. Ulipokatika ulijigeuza kwanza, tumbo juu, mgongo ndani ya puli, kisha ukapasuka. Mkanda kujigeuza ni dalili kwamba nyuzi zake zimekatika au kwamba puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Kwangu yalikuwa yote mawili.

Nilipofika hapo nilikuwa nimeanza kuichukia mashua. Nilikuwa nawasha injini huku nimekaza meno, sikio moja kwenye mazungumzo, jingine chini. Mke wangu alisema tuuze. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu.

Jioni moja nikaitandika mikanda minne mezani chini ya taa. Ilikuwa mara ya kwanza kuitazama. Kabla ya hapo kila uliokatika niliutupa kwenye ndoo na kufungua mpya. Nilichokiona kilinikera, maana kilikuwa wazi mno. Ubavu mmoja wa kila mkanda uling'aa kama kiatu kilichopigwa rangi na ulikuwa umelika, ubavu wa pili ulikuwa karibu mpya. Mkanda unaofanya kazi kwenye puli zilizonyooka hulika pande zote mbili sawa. Nikaenda na tochi chumba cha injini. Vumbi jeusi lilikuwa limepaka ukuta wa kushoto peke yake, wa kulia ulikuwa safi. Miezi yote hiyo nilikuwa nalifuta bila kujiuliza kwa nini linaruka upande mmoja.

Kitu cha pili kilikuwa tumboni. Mkanda wa V haupaswi kugusa sakafu ya mfereji wa puli, unashika kwa mbavu zake. Mikanda yangu ilikuwa na mstari unaong'aa tumboni, na mfereji wa puli ya krenki ulikuwa unang'aa chini kama sarafu. Puli imelika, mkanda umezama, umegusa chini, unateleza, unapata moto. Njia rahisi ya kujua: mgongo wa mkanda mpya ukae sawa na ukingo wa puli au juu yake kidogo sana. Ukiuona umezama ndani, ama puli imelika ama umenunua mkanda mwembamba. Na usinunue kwa kupima ule wa zamani, maana huo umeshanyooka na umeshalika. Fuata namba iliyochapwa mgongoni au ile ya kitabu cha injini.

Kuhusu kutu: ikiwa chombo kilikaa miezi bila kuwashwa, mifereji ya puli huota kutu, na kutu hiyo humla mkanda mpya ndani ya saa chache. Msasa laini na kitambaa, dakika kumi, basi.

Nikaweka rula ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa puli ya krenki hadi ya alteneta. Tofauti ilikuwa milimita 3 kwa umbali wa sentimita 30 hivi. Kwa mkanda wa V umbali huo ungevumilia 2, na hiyo tayari ni mwisho. Nikabadilisha puli ya krenki, nikatoa washa moja, nikapunguza nyingine kwa tupa, nikapima tena. Sifuri. Nikapima mara ya tatu kwa raha tu. Nikafunga mkanda wa tano kwa mkono, bila bisibisi, nikaubana hadi kidole gumba kikabonyeza milimita 10. Baada ya nusu saa ya kuwasha nikaukaza kidogo tena, kwa sababu mkanda mpya hunyooka mwanzoni, na baada ya saa kumi nikaukagua. Nilifanya kila kitu kama kitabu kinavyosema.

Saa 22.

Sijui kama nimewahi kukaa kimya kama siku ile. Sikutukana hata. Niliutoa mkanda, nikauangalia ubavu: uleule ulikuwa umelika. Rula ikasema puli zimenyooka. Mkanda ukasema zimepinda. Kimoja kilikuwa kinadanganya, na mimi, kwa sababu rula ni ya chuma, nikaamini ni mkanda. Nikamlaumu aliyeuza. Nikataka kununua wa bei kubwa zaidi.

Aliyenitoa hapo ni fundi mmoja mzee aliyezoea injini za boti za uvuvi. Nilimweleza yote, nikamwonyesha mikanda na plasta zake. Hakushika spana. Akaniuliza, "Betri zako zina chaji?"

"Zimejaa, mzee."

"Basi leo sina kazi hapa. Ziache zishuke, nitarudi kesho."

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Lakini niliwasha taa zote na friji usiku kucha. Asubuhi alikuja na kichupa cha wino mweupe, ule wa kufutia maandishi. Akachora mstari mmoja mwembamba unaovuka kutoka kwenye breketi hadi kwenye mguu wa alteneta, na mwingine unaovuka mkono wa kurekebishia mkanda. Akapima kwa rula mbele yangu: sifuri, kama nilivyosema. Kisha akaniambia nivue saa, nikunje mikono ya shati juu ya kiwiko, nisimame nyuma, niwashe.

Mwanzoni hakuna kitu. Mkanda ulizunguka kimya. Baada ya dakika moja hivi kidhibiti cha chaji kiliiamsha alteneta, geji ya ampea ikapanda 40, 70, 95, na sauti ya injini ikazama kama mtu aliyebebeshwa gunia. Fundi akaelekeza tochi kwenye mstari mweupe. Ulikuwa umekatika vipande viwili. Kipande cha breketi kilikuwa pale pale, kile cha mguu wa alteneta kilikuwa kimesogea, na alteneta yote ilikuwa inainamisha kichwa kuelekea krenki, inatikisika kidogo kidogo. Nikazima. Mistari ikarudi, ikaungana kama haikuwahi kuachana.

Rula ilisema kweli, ila iliulizwa wakati ambao hakuna mzigo.

Tulipofungua tulikuta bolti ndefu inayoshika mguu imelika katikati, ina kiuno. Tundu la breketi lilikuwa limetanuka likawa na umbo la yai. Na kwenye kona ya breketi, chini ya rangi, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Breketi ile ilitengenezwa kushika alteneta ya ampea 50. Mimi nilikuwa nimeining'inizia kitu kizito zaidi chenye nguvu mara mbili.

Hapo ndipo nikakumbuka ule mpangilio. Betri za asidi hupokea chaji nyingi mwanzoni tu, kisha kadiri zinavyojaa zinajibana zenyewe. Alteneta yangu ya ampea 110 ilikuwa inafanya kazi ya kweli dakika chache, kisha inapumzika. Ndiyo maana ya miaka miwili ya amani. Betri za lithiamu hazina adabu hiyo. Zinameza kila unachozipa karibu hadi zijae, saa moja, saa mbili, mfululizo. Piga hesabu: ampea 110 kwa volti 14 ni wati 1,540. Alteneta ya kawaida hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopokea, inageuka joto, kwa hiyo mkanda unabeba zaidi ya kilowati 2.5, yaani nguvu ya farasi tatu na zaidi, kupitia utepe wa mpira wenye upana wa milimita 10. Kanuni ya mafundi ni kwamba mkanda mmoja wa milimita 10 usibebeshwe zaidi ya ampea 75 au 80. Niliwahi kuisikia kabla. Nilidhani ni ya watu waoga.

Tulitengeneza breketi mpya ya bamba nene la chuma, mashimo yakatobolewa kwa mashine, si kwa drili ya mkono. Bolti mpya ya chuma kigumu, inayoingia kwa kubana, haichezi. Mkono wa kurekebishia tukaweka wenye skrubu ya kukazia, hivyo sihitaji tena nondo. Kidhibiti cha chaji nikakipunguza, alteneta isizidi ampea 75. Napoteza nini? Nachaji polepole zaidi. Hakuna aliyewahi kulala katikati ya mlango wa bahari kwa sababu hiyo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikuhamia kwenye mkanda mpana wenye mifereji mingi, ule wa magari ya kisasa. Ukiwa unaanza upya na una alteneta kubwa, fanya hivyo, sitakukataza. Unabeba mzigo mkubwa zaidi na hauli puli hovyo. Lakini unabadilisha puli zote tatu kwa mkupuo, na mbele ya injini yangu nafasi ni vidole vinne kufika ukutani. Nilipima, nikaona itanilazimu kukata mbao. Nikachoka.

Jambo moja zaidi kuhusu usalama, kwa sababu nilikaribia kuliharibu kabisa. Siku ya mkanda wa tatu, nilipousikia unateleza, nilitaka kuipumzisha alteneta ili nifike. Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi kuu ya betri. Usizime swichi hiyo injini ikiwa inazunguka. Umeme wa alteneta unakosa pa kwenda, volti zinaruka ghafla, na diodi zake, zile zinazogeuza umeme uwe wa kuchaji betri, zinaungua. Kama una kidhibiti cha nje, zima hicho, au chomoa waya wake wa kuamshia alteneta. Mkanda utabaki na pampu ya maji tu, na mzigo huo ni mdogo. Nilijua hayo baadaye. Aliyenizuia siku ile ni kengele ya joto, ilinishtua nikauacha mkono.

Mstari mweupe wa fundi bado upo. Nimeuchora upya kwenye breketi mpya, na kila mwanzo wa mwezi naziacha betri zishuke, nawasha, nasimama nyuma na tochi. Mkanda uliopo sasa una saa 212. Jana nilipangusa ukuta wa kushoto kwa kitambaa cheupe, kisha wa kulia kwa kingine. Vyote viwili vilitoka na kijivu chepesi, sawa kwa sawa.